Jiwe la milimita 34, tundu la milimita 8: tathmini ya upasuaji wa mawe ya figo

Marehemu baba yangu alikuwa na kovu lililoanzia nyuma ya ubavu wa kulia likazunguka hadi karibu na kitovu, refu kuliko shubiri moja na nusu ya mkono wa mtu mzima. Alipasuliwa kutolewa jiwe la figo katika miaka ya 1980, akalala wodini karibu wiki tatu, na hadi anafariki dunia ubavu ule ulikuwa ukimsumbua kila upepo wa kusi ulipoanza kuvuma. Kovu langu mimi mwanawe liko mgongoni upande wa kushoto, chini kidogo ya ubavu wa mwisho, na ukucha wa kidole gumba unatosha kulifunika. Hapo ndipo lilipopitishwa jiwe lenye urefu wa milimita 34, vipande kwa vipande, na siku ya nne nilikuwa nimeruhusiwa kuondoka hospitali.

Nimeamua kuitathmini huduma hii kwa urefu kwa sababu nilipokuwa naitafuta mimi mwenyewe nilikuta sifa nyingi na maelezo machache. Matangazo husema tundu dogo, maumivu kidogo, kurudi nyumbani mapema, na yote hayo ni kweli. Lisilosemwa ni kwamba figo imetobolewa. Hii ni operesheni kubwa iliyopita mlango mdogo, na kwa jinsi nilivyoiona, ubora wake unategemea kama daktari, muuguzi na mgonjwa wanalikumbuka hilo kabla na baada ya saa mbili za chumba cha upasuaji. Hospitali niliyotibiwa iko Dar es Salaam. Sitaitaja, kwa kuwa ninayo pia malalamiko, na ninayolalamikia nimeyasikia kwa wagonjwa wa hospitali nyingine pia.

Mimi ni karani wa mahakama mkoani Tanga. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekaa kwenye kiti kimoja, nikinywa chai ya rangi asubuhi na maji kidogo mno mchana, kwa sababu choo kiko nje ya jengo na shauri likishaanza kusikilizwa karani hawezi kuinuka ovyo. Anayeijua Tanga ya mwezi Januari na Februari anajua jasho linavyomtoka mtu akiwa ameketi tu. Mwili unaopoteza maji kwa jasho hutoa mkojo mchache na mzito, na chumvi zilizomo ndani yake, hasa kalsiamu na oksaleti, hukosa maji ya kuziyeyusha zikaanza kugandana. Ukiongeza kwamba baba naye alikuwa na mawe, na ugonjwa huu huonekana kufuata ukoo, basi nilikuwa na kila sababu ya kuwa mwangalifu. Sikuwa.

Maumivu hayakuanza kwa kishindo. Ulikuwa uzito wa upande wa kushoto, kama mtu aliyelalia ubavu vibaya, pamoja na homa za mara kwa mara. Mara mbili nilipewa vidonge vya maambukizi ya njia ya mkojo katika zahanati bila mkojo wenyewe kupimwa. Jiwe kubwa lina hila hiyo: jiwe dogo likishuka kwenye mrija unaotoa mkojo kwenye figo kuupeleka kwenye kibofu, mgonjwa hugaagaa chini kwa maumivu na hakuna atakayekosea, lakini jiwe kubwa lililokaa ndani ya figo linaweza kukaa kimya miaka huku likiziba njia na kuiua figo taratibu. Altrasaundi ndiyo iliyolionyesha, na kipimo cha CT kilichofanyika Dar es Salaam bila kuchomwa dawa ya rangi ndicho kilichotoa picha kamili: milimita 34, limekaa katikati ya figo mahali mkojo unapokusanyika, na limetoa tawi moja kuingia kwenye kijichumba cha chini.

Sehemu ya kwanza ninayoisifu ni maelezo ya daktari bingwa wa mfumo wa mkojo kabla hajanipangia tarehe. Alichukua karatasi akachora figo, akachora jiwe, akanieleza njia tatu. Ya kwanza ni mawimbi mshtuko, ambayo mgonjwa wake wa kwanza alitibiwa mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Mashine hulenga jiwe kutoka nje ya mwili bila kutoboa popote. Niliipenda mara moja, kwa sababu nani asingependa kutibiwa bila kutobolewa? Akaniambia kwamba njia hiyo inafaa zaidi kwa mawe yasiyozidi milimita 20, kwamba vipande vinavyovunjika inabidi mgonjwa avikojoe mwenyewe, na kwamba jiwe la ukubwa wa langu likivunjwa hivyo, vipande vinaweza kupanga foleni ndani ya mrija vikaziba kabisa. Zaidi ya hapo, CT ilikuwa imeonyesha ugumu wa jiwe kuwa juu ya 1,000 katika vipimo vya Hounsfield, na mawe ya ugumu huo huyasumbua mawimbi. Njia ya pili ni kupitisha kamera nyembamba inayojipinda kutoka kwenye njia ya mkojo hadi ndani ya figo na kulisaga jiwe kwa leza. Haiachi kovu lolote, nayo ni nzuri kwa mawe madogo na kwa watu ambao damu yao haigandi vizuri, ila kwa jiwe la milimita 34 ningeweza kurudi thieta mara mbili au tatu. Njia ya tatu ndiyo hii ya tundu la mgongoni, na kwa mawe yanayozidi milimita 20, au yale yenye matawi kama pembe za swala, ndiyo inayoshauriwa kwanza.

Si jambo jipya kama wengi wanavyodhani. Madaktari wawili wa Uswidi, Fernström na Johansson, walieleza mwaka 1976 jinsi walivyotoa mawe kupitia njia iliyotobolewa mgongoni. Kabla ya hapo kutoboa figo kwa sindano kulitumika kutoa mkojo uliokwama. Wao walilitumia tundu hilo kutolea jiwe. Nilipoyasikia hayo nilimfikiria baba, ambaye alipasuliwa miaka kadhaa baadaye kwa kisu kirefu kwa sababu vifaa na mikono iliyofunzwa vilikuwa havijatufikia. Najua simlaumu mtu kwa hilo, lakini liliniuma.

Maandalizi ndiyo yaliyonitia hasira, na sasa ndiyo ninayoyashukuru kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa nimefikia kwa dada yangu Temeke, nimeomba ruhusa kazini, nimejiandaa kwa upasuaji siku ya Jumatatu. Ijumaa nikapigiwa simu kwamba mkojo wangu uliooteshwa maabara umeota vimelea, kwa hiyo upasuaji unasogezwa mbele hadi nimalize dawa na mkojo upimwe upya. Siku tisa ziliongezeka. Nilimwambia muuguzi kwamba nimetoka mbali na kwamba sina hata homa. Alinijibu kwa upole, “Baba, hao wadudu wako ndani ya mkojo unaolizunguka jiwe, na wengine wamo ndani ya jiwe lenyewe. Tukilivunja leo wote wanaingia kwenye damu.” Baadaye daktari alinithibitishia kuwa sumu ya vimelea kuingia kwenye damu ni miongoni mwa mambo machache yanayoweza kumuua mtu katika upasuaji huu, na kwamba hospitali isiyootesha mkojo kabla ya kuvunja jiwe kubwa inacheza kamari na maisha ya mgonjwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipangiwa tarehe bila kuulizwa majibu ya kuotesha mkojo, uliza wewe. Kipimo cha kawaida cha mkojo kinachotoka baada ya nusu saa hakitoshi, kwa sababu vimelea huhitaji siku mbili tatu kuota na kujaribiwa ni dawa ipi inawaua.

Walinipima pia wingi wa damu, kuganda kwa damu, na kreatinini inayoonyesha figo zinafanyaje kazi. Mdogo wangu na shemeji walichangia damu, nayo ikawekwa akiba. Nilidhani ni tahadhari ya kupitiliza kwa tundu la milimita 8 hadi nilipoelezwa kwamba figo mbili hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kliniki alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa ajili ya moyo. Yeye aliambiwa asubiri, na daktari wake wa moyo ahusishwe kwanza, kwa kuwa dawa hizo hazisimamishwi kwa kuamua mwenyewe nyumbani.

Fomu ya ridhaa nilisomewa kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Nimefanya kazi na nyaraka maisha yangu yote, na najua tofauti ya fomu inayosomwa na fomu inayosainishwa. Nilielezwa kwamba ninaweza kutokwa damu kiasi cha kuongezewa, kupata homa kali, kwamba tundu likipita juu sana linaweza kugusa utando wa mapafu, kwamba ni nadra lakini utumbo mpana unaweza kujeruhiwa, na kwamba huenda jiwe lisiishe lote kwa mara moja. Hakuna aliyenihakikishia kwamba kila kitu kitakwenda sawa, na nilimwamini daktari zaidi kwa sababu hiyo.

Ya ndani ya chumba cha upasuaji nayasimulia kama nilivyosimuliwa, maana mimi nilikuwa nimelala kwa dawa ya usingizi. Kwanza walipitisha kimrija chembamba kutoka kwenye njia ya mkojo hadi kwenye figo, wakaingiza dawa ya rangi ili vijichumba vya figo vionekane kwenye eksirei. Kisha wakanilaza kifudifudi. Daktari akaingiza sindano kupitia ngozi ya mgongo akiangalia picha kwenye skrini, akilenga kijichumba cha nyuma cha figo, kwa sababu huko ndiko kuna eneo lenye mishipa mikubwa michache ya damu. Aliniambia kwamba hapo ndipo kazi yote ilipo: sindano ikiingia mahali pake, mengine hufuata, ikikosea, damu itafunika kamera na hakuna kitakachoonekana. Juu ya sindano hupitishwa waya, juu ya waya vipanuzi vinavyozidiana unene kidogo kidogo, hadi ipite bomba ya plastiki yenye kipenyo cha milimita 8, ambayo ndiyo njia ya kuingilia na kutokea. Kamera inaingia, chombo kinachogonga kama patasi kinalivunja jiwe, maji ya chumvi yanatiririka muda wote kusafisha, na vipande vinatolewa kimoja kimoja kwa koleo refu. Zipo hospitali zinazotumia bomba nyembamba zaidi ya hiyo, ambayo hupunguza kutokwa damu ingawa kazi huchukua muda mrefu zaidi kwa jiwe kubwa. Nilipouliza kwa nini hawakunitumia hiyo, jibu lilikuwa la wazi: jiwe lako lilikuwa kubwa, na kila dakika ya ziada maji yanapozunguka ndani ya figo inaongeza hatari ya homa. Nililiridhia.

Nilizinduka nikiwa na mipira miwili, mmoja wa mkojo kwenye njia yake ya kawaida na mwingine ukitoka mgongoni kuingia kwenye mfuko uliofungwa pembeni mwa kitanda. Watu hawaambiwi vya kutosha kuhusu mpira wa mgongoni. Huwezi kulala chali kwa raha, huwezi kugeuka bila kuuangalia, na unaona kwa macho yako kinachotoka ndani ya figo yako. Jioni ya kwanza ulitoa mkojo mwekundu kama juisi ya choya. Nilishtuka, mke wangu akalia. Muuguzi wa zamu, binti mdogo ambaye hakukosa kuniamkia kila aliposogea kitandani, aliinua mfuko kwenye mwanga wa taa, akauangalia, akasema, “Shikamoo baba. Rangi hii ni ya leo, usiogope. Ila ukiona mabonge, au mfuko umeacha kujaa, uniite hapo hapo, usisubiri nipite.” Asubuhi ulikuwa rangi ya chai, na kesho yake ulikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Usiku wa kwanza homa ilipanda na nilitetemeka meno yakagongana. Walikuwa wamejiandaa, dawa ilikuwa tayari kwenye dripu, na kabla ya alfajiri ilikuwa imeshuka. Nikizikumbuka zile siku tisa nilizolalamikia, nafikiri homa ile ingekuwaje kama vimelea wangeachwa.

Maumivu yalikuwepo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba upasuaji huu hauumi, na naomba anayeandika hivyo aache. Kukohoa kunauma, kupumua kwa kina kunauma kwa siku mbili, na kuinuka kitandani kunahitaji mtu wa kukushika mkono. Hata hivyo ni maumivu yanayotulizwa na dawa za kawaida, na siku ya pili nilitembea hadi mwisho wa korido. Siku hiyo hiyo mpira wa mgongoni ulitolewa, kitendo cha sekunde chache, na tundu likavuja mkojo kwenye bandeji karibu nusu siku kabla ya kujifunga lenyewe bila kushonwa. Kuvuja huko ni kwa kawaida, lakini hakuna aliyenionya, na nilidhani figo imepasuka.

Sasa malalamiko.

La kwanza na zito linahusu kimrija kilichobaki ndani. Kwa kuwa mrija wa figo huvimba baada ya kazi hii, na kwa kuwa vipande vidogo vinaweza kushuka na kuuziba, daktari aliacha humo kimrija laini cha plastiki cha sentimita 26, chenye mkunjo kila ncha, mkunjo mmoja ukikaa kwenye figo na mwingine kwenye kibofu. Kinatakiwa kutolewa baada ya wiki chache. Karatasi yangu ya kuruhusiwa ilitaja jina la upasuaji, dawa, na siku ya kusafisha kidonda. Haikutaja popote kwamba kuna kitu kimebaki mwilini mwangu. Nilikijua kwa sababu daktari alinieleza mdomoni. Kitanda cha jirani alilala kijana wa bodaboda aliyetibiwa kwingine, akaenda zake kijijini bila kuelewa kwamba ana kimrija, akakaa nacho zaidi ya mwaka mmoja. Kimrija kikiachwa hivyo huota mawe juu yake, nacho kilikuwa kimevikwa ganda gumu juu na chini, hakivutiki, kikimlazimu apasuliwe upya kwa kazi kubwa kuliko ile ya kwanza. Mtu yule hakuwa mzembe, hakuandikiwa. Hospitali inayoweza kutoboa figo kwa ustadi wa namna ile haishindwi kuandika mstari mmoja kwa wino mwekundu: una kimrija, kitolewe tarehe fulani, na namba ya kumpigia asipofika. Nilimwandikia mkuu wa kitengo barua kuhusu hili, na mpaka sasa sijajibiwa.

La pili ni gharama. Makadirio niliyopewa, na ambayo bima yangu iliyaidhinisha, yalihusu upasuaji na kulazwa. Kimrija chenyewe, kutolewa kwake, na CT ya marudio vilikuja baadaye kama madai tofauti, na sehemu yake nililipa kutoka mfukoni. Sisemi nilidanganywa, lakini anayeuza huduma ambayo haikamiliki bila hatua ya mwisho anapaswa kuiweka hatua hiyo kwenye bei ya mwanzo. Uliza kabla hujalazwa: je, kiasi hiki kinajumuisha kukitoa kimrija?

La tatu ni dogo kwa wengine, kwangu ni kubwa. Vipande vya jiwe nilipewa kwenye kichupa cha plastiki, vya rangi ya kahawia iliyoiva kama sukari guru iliyopondwa, vingine vikiwa na ncha kali zinazong'aa. Watu waliniletea pole na kukishangaa kichupa. Hakuna aliyependekeza vipimwe, hadi mimi nilipouliza. Jibu lilikuja kwamba ni kalsiamu oksaleti, aina inayowapata wengi. Umuhimu wake si wa udadisi. Jiwe la asidi ya uriki linaweza kuyeyushwa kwa dawa inayopunguza ukali wa mkojo, na jiwe linalotokana na vimelea hurudi mpaka vimelea wenyewe waishe. Jiwe kama langu haliyeyushwi na kidonge wala mzizi wowote, na nilitamani nilijue hilo kabla sijatumia miezi minne nikinywa dawa za mitishamba zilizouzwa kwa ahadi ya kulimumunyisha.

Safari ya kurudi Tanga kwa basi nikiwa na kimrija sitaisahau. Kimrija kinakuna kibofu, na kibofu hudhani kimejaa kila wakati. Ukikojoa, maumivu yanapanda hadi kwenye figo. Nilimwomba kondakta asimamishe gari kabla ya Chalinze, kisha Mkata, kisha Segera, na abiria walinivumilia kwa wema ambao nawashukuru mpaka leo. Anayetoka mkoani ajipange kukaa Dar es Salaam wiki moja zaidi kama ana pa kufikia, au aombe dawa ya kutuliza kibofu, ambayo ipo na inasaidia, nami niliipata kwenye marudio tu.

Wiki ya nne nilirudi. CT ilifanywa kabla ya kimrija kutolewa, utaratibu ambao ni sahihi, na ikaonyesha figo ni safi isipokuwa kipande cha milimita 4 kwenye kile kijichumba cha chini lilikoingia tawi la jiwe. Daktari hakukificha wala kukipamba. Alisema kipande cha ukubwa huo kinaweza kutoka chenyewe, kinaweza kukaa kimya, na kinaweza pia kuwa mbegu ya jiwe jingine, hivyo kitafuatiliwa. Basi nikiulizwa kama upasuaji umefaulu, nitasema umefaulu, kwa kujua kwamba haukumaliza kila kitu. Kimrija kilitolewa kwa kamera kupitia njia ya mkojo, kwa ganzi ya kupaka tu. Ilikuwa aibu zaidi kuliko maumivu, na ilichukua muda mfupi kuliko kuvua na kuvaa suruali. Usiku ule nililala bila kuamka, mara ya kwanza kwa mwezi mzima.

Nilirejea kazini baada ya wiki tatu na siku chache tangu upasuaji, nikiwa nimekatazwa kubeba kitu kizito hadi wiki sita zitimie. Katazo hilo lisipuuzwe, kwa maana mshipa wa damu uliojeruhiwa ndani ya figo unaweza kufumuka hata wiki mbili baada ya mtu kufika nyumbani, na mkojo ukigeuka mwekundu ghafla huo ni wakati wa kukimbilia hospitali, si wa kunywa maji na kungoja. Mimi halikunipata. Nililiuliza kwa kuwa nilikuwa naishi umbali wa saa sita kutoka kwa aliyenipasua.

Kuhusu kuzuia, ushauri niliopewa ulikuwa mzuri lakini ulitolewa mlangoni, kwa haraka, wakati nimeshika mfuko wa nguo. Niupange hapa kama nilivyoukamilisha kwa kuuliza tena. Lengo ni kukojoa lita mbili na nusu kwa siku, na kwa joto letu hiyo ina maana ya kunywa lita tatu au zaidi. Mkojo uwe mweupe au manjano hafifu, hata ule wa usiku. Chumvi ipungue, kwa sababu chumvi nyingi huifanya figo imwage kalsiamu kwenye mkojo. Maziwa yasiachwe, kinyume na wanavyoamini wengi, kwani kalsiamu inayoliwa pamoja na chakula huikamata oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo. Mchicha una oksaleti nyingi, nami mtu wa Tanga nimeambiwa niupunguze, na ninapoula niule pamoja na maziwa au mtindi. Vidonge vya vitamini C vya kiwango kikubwa niviache. Ndimu inaruhusiwa, tena inasaidia, kwa kuwa sitreti iliyomo huzuia kalsiamu isigandane.

Kwa nani basi ningeishauri huduma hii? Kwa mwenye jiwe linalozidi milimita 20, au lenye matawi, au ambaye mawimbi yameshindwa kulivunja, ningemwambia asiahirishe, kwa sababu jiwe kubwa halingoji. Mwenye jiwe dogo asikubali kutobolewa kabla hajaelezwa njia nyingine. Mjamzito, mwenye maambukizi ambayo hayajatibiwa, na mwenye damu isiyoganda wanahitaji mipango tofauti. Yeyote yule, amuulize daktari amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, na damu ikitoka nyingi hospitali ina uwezo gani wa kuuziba mshipa bila kuiondoa figo. Daktari wangu hakuchukizwa na swali hilo, alilijibu kwa kirefu, na ustadi wake naupa alama za juu kabisa, uuguzi wa wodini vilevile. Karatasi ya kuruhusiwa naipa alama ya chini, na itabaki hapo hadi nitakapoonyeshwa mpya.

Mezani kwangu mahakamani sasa ipo chupa ya lita moja na nusu, na hakimu ameniruhusu nitoke bila kuomba. Altrasaundi ya kukiangalia kile kipande cha milimita 4 nitaifanya mwezi ujao, hapa hapa Tanga, na picha nitamtumia daktari.